Mihadhara, filamu na ngoma: Darasa la tatu la mwanafunzi wa uzamili kutoka Kiloleli

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI anayesomea shahada ya uzamili au uzamivu hutumia sehemu kubwa ya muda wake akiwa peke yake, ama maktabani ama katika eneo la utafiti. Ndiyo maana mihadhara ya wazi, maonyesho ya filamu na matamasha ya utamaduni si burudani ya ziada kwake. Ni darasa la tatu, ambalo halimo katika ratiba ya idara yake wala halina ada.

Tatizo ni kwamba matangazo mengi ya shughuli hizo huandikwa kana kwamba kila msomaji anaishi Dar es Salaam. Hubandikwa kwenye mbao za matangazo za vyuo, mara nyingi siku chache tu kabla ya tukio. Kwa mwanafunzi aliyerudi nyumbani Kiloleli kukusanya takwimu za tasnifu yake, taarifa ya namna hiyo humfikia wakati viti vya ukumbini vimekwisha kupangwa.

Kiloleli inayozungumzwa hapa ni kata ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, kwani jina hilo linapatikana pia sehemu nyingine za Usukumani. Busega ilizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Magu, na ndiyo wilaya pekee ya Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Hata hivyo, shughuli kubwa za mwaka zina majira yanayojulikana, na anayeyajua majira hayo anaweza kupanga safari na utafiti wake mapema.

Mhadhara wa wazi na faida yake

Mhadhara wa wazi hutofautiana na kipindi cha darasani kwa jambo moja kubwa: mtoa mada hana mamlaka ya kumpa msikilizaji alama. Anayesimama kuuliza anaweza kuwa profesa, mwandishi wa habari, mkulima au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hoja yake hupimwa kwa uzito wake. Kwa kawaida mtoa mada huzungumza kwa muda wa saa moja, wachangiaji walioandaliwa humjibu, kisha ukumbi hufunguliwa kwa maswali.

Kwa mwanafunzi wa uzamivu, kipindi hicho cha maswali kina thamani kuliko mhadhara wenyewe. Siku itafika ambapo naye atasimama mbele ya jopo la watahini kutetea tasnifu yake. Aliyewahi kuwaona mabingwa wakibanwa, wakikiri pale hoja zao zilipopungua na kusimama imara pale walipokuwa na ushahidi, haendi mbele ya jopo hilo kama mgeni. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa chama cha kimapinduzi cha USARF, ambacho mwenyekiti wake aliwahi kuwa Yoweri Museveni, waliendesha madarasa yao wenyewe siku za Jumapili. Mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana, aliyefundisha Mlimani katika miaka hiyo, alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1970. Miaka miwili baadaye Rodney alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na hoja zake bado hurejewa katika kumbi za Mlimani hadi leo.

Aprili hadi Oktoba

Urithi huo ulipata makao rasmi mwaka 2008 kilipoanzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, ambacho mshika kigoda wake wa kwanza alikuwa Profesa Issa Shivji. Tamasha la kitaaluma la Kigoda lilianza mwaka 2009, na mgeni wake mkuu alikuwa Wole Soyinka wa Nigeria, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1986. Tamasha hilo lilipangwa mwezi Aprili kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922.

Tarehe hiyo hiyo imechukuliwa pia na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi, historia au siasa mwenye nauli ya safari moja tu ya Dar es Salaam katika muhula wa pili hana budi kuutazama mwezi Aprili kwanza.

Baada ya hapo huja Wiki ya Utafiti na Ubunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo wanafunzi na wahadhiri huonyesha kazi zao kwa umma. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na huambatana na makongamano ya lugha. Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999, huleta midahalo na mihadhara ya kumkumbuka sehemu mbalimbali za nchi.

Ikumbukwe kwamba Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu, ipo katika mkoa jirani wa Mara, na kuna makumbusho yenye jina lake. Msomi wa Busega anayetafiti historia ya ujamaa hana sababu ya kungoja Dar es Salaam imwite.

Filamu: Nani anatuonyesha?

Kwa upande wa filamu, tukio kubwa ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoasisiwa mwaka 1997. Hufanyika katikati ya mwaka, ingawa tarehe zake zimekuwa zikibadilika, na uwanja wake mashuhuri ni Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Tamasha hilo pia limewahi kupeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba, jambo linaloonyesha kwamba skrini inaweza kumfuata mtazamaji.

Kwa nini mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya jamii, uvuvi au uchumi ajali filamu? Jibu lipo karibu sana na Kiloleli. Mwaka 2004 mtengenezaji filamu Hubert Sauper kutoka Austria alitoa filamu ya makala iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na kuhusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Filamu hiyo ilionyesha minofu ikisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya huku wakazi wa kando ya ziwa wakibaki na vichwa na mifupa, na iliibua swali la iwapo ndege hizo zilileta silaha barani Afrika. Ilishinda tuzo Ulaya na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006.

Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani akisema inaichafua nchi. Mjadala ukawa mkubwa: wapo walioona imesema kweli kuhusu umaskini, na wapo walioona imechagua picha za aibu na kuziacha ajira ambazo viwanda vya samaki vilikuwa vimeleta. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi walioibishania hawakuwa wameiona. Watu wa ziwa walihukumiwa na kutetewa wakati wao wenyewe hawakuwapo ukumbini.

Mwanafunzi wa utafiti hupata hapo somo la mbinu ambalo kitabu kinaweza kulieleza kwa shida. Nani alihojiwa? Nani aliachwa? Picha moja ya kweli inaweza kuwekwa mahali ambapo inasema lisilo kweli? Maswali hayo hayo ndiyo watahini watakayomuuliza kuhusu dodoso lake.

Miaka ya karibuni imetoa pia mfano wa upande mwingine. Filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilisimulia Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa Kiswahili na ilioneshwa kwanza katika tamasha la Toronto nchini Canada. Anayesomea fasihi anaweza kuiweka riwaya upande mmoja na filamu upande wa pili, akapata sura nzima ya tasnifu.

Bulabo, kongamano la kale

Shughuli iliyo karibu zaidi na mwanafunzi wa Kiloleli, hata hivyo, haitangazwi kwenye mbao za vyuo vikuu. Ni sherehe ya Bulabo, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Juni Bujora, Kisesa, mahali palipo na Makumbusho ya Wasukuma. Kisesa ipo kilometa zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini katika barabara ya kwenda Musoma. Kwa hiyo anayetoka Busega huifikia kabla ya kuufikia mji.

Makumbusho hayo yaliasisiwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada, pamoja na wazee wa Kisukuma. Neno bulabo kwa Kisukuma lina maana ya maua, na sherehe yenyewe hufungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Ndani yake, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kama vilivyofanya waasisi wao katika karne ya 19, waganga wawili waliotambiana kwa dawa na kwa ufundi wa kucheza.

Utaratibu wa mashindano unastahili kutazamwa kwa makini na kila msomi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Watu huhama kutoka upande huu kwenda ule kwa miguu yao, na hukumu huonekana kwa macho. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaorusha majembe hewani katika bugobogobo, na wapo watunzi wanaoimba habari za mwaka huo huo: bei ya pamba, ukame, viongozi.

Nyimbo hizo zimechunguzwa na wasomi kwa miaka mingi. Hans Cory aliandika kuhusu sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na makabrasha yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Frank Gunderson wa Marekani alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Ulaya. Mtunzi wa kijijini ambaye sanaa yake ni ya aina hiyo hiyo hana njia rahisi ya kujua kilichosemwa juu yake.

Namna ya kunufaika

Kwanza, mwanafunzi aandike majira haya katika mpango kazi wa utafiti wake tangu mwanzo, kisha athibitishe tarehe kwa waandaaji kila mwaka, maana hubadilika. Pili, aulize kama mhadhara utarekodiwa au kurushwa kwa intaneti, kwani siku hizi mihadhara mingi husikilizwa kwa simu hata ukiwa Nyashimo au Lamadi. Tatu, asiende na masikio matupu: asome angalau andiko moja la mtoa mada na aandike swali moja fupi.

Nne, kwa wanaotaka kuitumia Bulabo kama eneo la utafiti, kuhoji na kurekodi kuna utaratibu. Barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Baada ya mihuri yote hiyo, ridhaa ya mchezaji mwenyewe bado inahitajika, na muhuri hauwezi kuchukua nafasi yake.

Tano, walioko Kanda ya Ziwa wasisahau kwamba Mwanza ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino na kile cha afya cha Bugando. Semina za idara katika vyuo kama hivyo mara nyingi hazimfukuzi mgeni anayeomba kuingia kwa adabu.

Mhadhara urudi nyumbani

Lipo jambo moja la mwisho, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Msafara wa maarifa umezoea njia moja: takwimu hutoka Kiloleli, tasnifu huandikwa Dar es Salaam au ng'ambo, na nakala hukaa maktabani. Mkulima aliyetoa saa mbili za siku yake ya palizi kujibu dodoso hasikii tena habari zake.

Mwanafunzi anayerudi na shahada yake anaweza kuugeuza msafara huo kwa gharama ndogo sana. Ofisi ya kata au darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi linatosha kuwa ukumbi. Kibanda cha video ambacho vijana hulipa kutazama mpira kinatosha kuonyesha filamu kuhusu ziwa lao wenyewe, mradi haki za mwenye filamu ziheshimiwe. Mada itolewe kwa Kiswahili au Kisukuma, nusu saa tu, kisha muda ubaki wa maswali.

Watakaokaa kwenye madawati hayo ndio wanaojua kama bei ya pamba iliyoandikwa ukurasa wa 60 ilikuwa sahihi, na kama wimbo ulionukuliwa uliimbwa hivyo kweli. Mwenye tasnifu akiweza kuwajibu hao, ataweza kulijibu jopo lolote.