Je, Wajua? Kompaila Inaweza Kufuta Ulinzi Wako

Programu uliyoiandika si lazima iwe ndiyo inayoendeshwa na kompyuta. Kompaila, yaani programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kama GCC na Clang, zikipewa agizo la -O2 ili kuongeza kasi, huupitia msimbo na kung'oa hatua ambazo majibu yake hayatumiki popote. Hesabu iliyopigwa halafu ikaachwa, tawi la sharti lisiloweza kufikiwa kamwe: vyote nje. Programu hupungua ukubwa na huenda mbio zaidi.

Kasheshe huanzia kwenye nywila. Mwandishi wa programu ya C akishaihakiki nywila, huita memset ijaze sifuri pale ilipokuwa kwenye kumbukumbu, isije ikadokolewa. Kompaila inatazama: sifuri hizo hazisomwi tena na yeyote. Basi inaufuta mstari huo wa memset kimyakimya, na nywila inabaki palepale. Kwa kanuni za C haijakosea hata kidogo, na hilo ndilo linaloudhi.

Mwaka 2014 mfumo endeshi wa OpenBSD, toleo la 5.5, ulikuja na explicit_bzero, amri ya kufuta ambayo kompaila haitakiwi kuiondoa. Maktaba ya C iitwayo glibc ilifuata mwaka 2017, katika toleo la 2.25.