Muhogo unaooza chini ya ardhi: juu ya nini kijiti cha kupanda kinapita mdudu kwa hatari

Kutoka Kasongo hadi Kabambare, muhogo ni maisha ya nyumba. Mizizi inatoa unga wa bukari, majani yanatoa sombe, na shamba lenyewe ni akiba: familia inachimba kidogo kidogo, siku inapohitaji. Lakini magonjwa mawili yanayosambazwa na kidudu kimoja cheupe yameharibu mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Mmoja kati ya magonjwa hayo, ule unaoozesha mizizi, umekwisha kuonekana katika majimbo jirani na Maniema.

Watafiti wamechunguza magonjwa haya kwa zaidi ya miaka mia moja. Jibu lao kwa mkulima wa leo ni fupi: mdudu anabeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea, lakini anayeuvusha kutoka jimbo moja hadi lingine ni mtu, kwa vijiti vya kupanda.

Ugonjwa wa kwanza: mozaiki

Huu wakulima wengi wanaujua kwa macho. Majani yanajikunja, yanakuwa madogo, yana mabaka ya njano na kijani. Mmea unadumaa. Wengine wanasema ni udongo uliochoka, wengine wanasema ni jua kali. Sivyo. Ni virusi, na uliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Uganda, mozaiki ulibadilika ukawa mkali kuliko zamani. Mwaka 1997 watafiti walieleza sababu: virusi vya aina mbili vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikachanganyika, kikazaliwa kirusi kipya. Wakulima wengi wa Uganda waliacha kabisa kulima muhogo, na njaa ikaingia. Katika miaka ya 1990 na 2000 ugonjwa huo mkali ulifika Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo.

Ugonjwa wa pili: michirizi ya kahawia

Huu ndio wenye hila. Maagronomu wanauita kwa Kifaransa striure brune. Mmea unaweza kusimama vizuri, mrefu, na majani mapana ambayo hayakujikunja. Dalili ziko, lakini zinajificha: umanjano kando ya mishipa ya majani ya chini, yale yaliyokomaa, na michirizi ya kahawia kwenye shina ambalo bado ni kijani. Majani hayo ya chini yakianguka, dalili inaanguka nayo.

Siku ya kuchimba ndipo mtu anashangaa. Ndani ya muhogo mna madoa ya njano na kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Mizizi mingine imebanwa katikati kama imefungwa kamba. Ukikata sehemu mbaya, kinachobaki ni kidogo. Ikiwa muhogo wote umeoza, hata nguruwe anapata shida.

Virusi hivi havimpi mtu ugonjwa. Hasara yake ni njaa. Na kwa wilaya kama Kabambare, ambako watu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi juu ya vita, hasara hiyo inagusa kitu kikubwa. Muhogo una sifa moja ambayo mahindi hayana: mtu anaweza kukimbia, akakaa miezi, akarudi na kukuta chakula bado kiko ardhini. Michirizi ya kahawia inavunja tegemeo hilo, kwa sababu kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi. Anayechimba mapema anaokoa sehemu ya mavuno, lakini anapoteza ile akiba.

Umekwisha kufika wapi?

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyefanya kazi kwenye kituo cha Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania. Kwa miaka mingi watu walidhani ni ugonjwa wa pwani na wa kando ya ziwa Malawi tu, usioweza kusambaa katika nchi za juu, zaidi ya mita 1000. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, mahali pa juu kuliko hapo. Dhana ile ikaanguka.

Kwa upande wa mashariki mwa Congo, mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba vipimo vya maabara vimeuthibitisha katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini. Uchunguzi wa mashambani uliofuata ulionyesha kwamba unapanuka kuelekea kusini, hata Kivu Kusini na Tanganyika. Sasa angalia ramani: Kabambare inapakana na Fizi upande wa mashariki, na jimbo la Tanganyika liko kusini yake. Kati ya sehemu hizo watu wanapita kila siku: wafanyabiashara, wachimba dhahabu wanaokwenda Salamabila na Namoya, na familia zinazokimbia. Nyuma ya pikipiki au baiskeli, kifurushi cha vijiti vya muhogo si jambo la ajabu.

Mdudu anafika wapi, na mtu anafika wapi

Kidudu chenyewe ni nzi mweupe. Urefu wake ni karibu milimita moja tu. Anakaa chini ya jani, na ukitikisa mmea wanaruka wengi kama vumbi la unga. Anaishi kwa kunyonya utomvu. Akinyonya mmea mgonjwa anachukua virusi, akihamia mmea mzima anaviacha huko.

Lakini magonjwa mawili hayasafiri sawa. Virusi vya mozaiki vinadumu ndani ya nzi siku nyingi, kwa hiyo anaweza kuruka navyo mbali. Kwa michirizi ya kahawia, mambo ni mengine. Ilichukua muda mrefu hata kujua kwamba nzi mweupe ndiye anayeusambaza: jaribio lililothibitisha hivyo lilitolewa mwaka 2005, karibu miaka 70 baada ya Storey. Kisha ikaonekana kwamba nzi anavipoteza virusi hivyo haraka, kwa siku moja au mbili. Basi ndani ya shamba, na kwa shamba la jirani, nzi ni hatari kweli. Lakini hawezi peke yake kuruka kutoka ziwa Tanganyika akavuka milima na misitu na kuleta ugonjwa Wamaza au Kasongo.

Kijiti kinaweza. Muhogo haupandwi kwa mbegu kama mahindi. Unapandwa kwa kipande cha mama yake. Kama mama alikuwa mgonjwa, mtoto anazaliwa na ugonjwa. Mtu akibeba vijiti ishirini vyenye virusi, nzi weupe wa kijiji watamalizia kazi iliyobaki.

Juu ya nini kupuliza dawa hakutoshi

Wengine wanauliza: si tununue dawa ya kuua wadudu? Shida ni tatu. Kwanza, dawa inaua nzi, haiponyeshi mmea uliokwisha kuingia virusi. Pili, nzi weupe wanaishi kwenye mimea mingine mingi pia. Wakifa hapa, wengine wanakuja kutoka shamba la jirani. Tatu, na hii wamama wanaielewa haraka: majani yale yale yaliyopulizwa ndiyo sombe ya jioni. Sumu itaingia kwenye sufuria.

Aina nzuri inasaidia, lakini si kinga ya yote

Kazi ya kutafuta muhogo wenye nguvu ilianza Amani katika miaka ya 1930. Storey na wenzake waliuzalisha muhogo pamoja na ndugu yake, mti wa mpira wa jamii ya muhogo, ili watoto wapate ukinzani. Kizazi cha mimea hiyo kilifika baadaye kwenye taasisi ya IITA, huko Ibadan, Nigeria, na aina nyingi zinazovumilia mozaiki leo zina damu yake. Congo nayo ina taasisi yake ya utafiti wa kilimo, INERA, yenye kituo Mulungu karibu na Bukavu. Aina ambayo wakulima wengi wa Congo wanaiita Obama ni moja ya zile zilizosambazwa kwa sababu haishikwi kirahisi na mozaiki.

Lakini Uganda inatoa onyo. Baada ya mozaiki, wakulima walipewa aina mpya, wakafurahi. Michirizi ya kahawia ilipoingia, baadhi ya aina hizo zilizoshinda mozaiki, kama ile ya TME 204, zilioza vibaya sana. Kwa hiyo mtu akiambiwa "hii ni aina iliyoboreshwa", swali la kuuliza ni: imeboreshwa dhidi ya ugonjwa gani?

Kazi inayoweza kufanyika kabla ya kupanda

Hakuna hata moja katika hizi inayohitaji pesa nyingi.

Kwanza, mkulima achague mimea ya mama mapema, wakati majani bado yapo. Atembee shambani, aifunge alama ile isiyo na mabaka wala umanjano, pamoja na majani ya chini. Kungoja hadi siku ya kuvuna ni kuchelewa.

Pili, kabla ya kukata vijiti kwenye mmea ule, achimbe mizizi yake na kuipasua. Mzizi mmoja ukiwa na doa la kahawia, shina lile lisipandwe na lisipewe mtu. Jaribio hili la kisu si sawa na la maabara, lakini linazuia mengi.

Tatu, katika miezi ya kwanza apite shambani mara kwa mara na kung'oa mmea wowote unaoonyesha ugonjwa. Kuuacha kwa huruma ni kuwalisha nzi virusi.

Nne, shamba jipya lisikae kando ya shamba la zamani lenye ugonjwa.

Tano, vijiti visivuke kutoka sehemu zenye michirizi ya kahawia. Unga unaweza kusafiri, mihogo iliyokaushwa vile vile. Anayekimbia na vijiti vyake hana kosa, anatafuta kuishi. Kijiji kinachompokea kimsaidie kwa vijiti vya pale pale vilivyochaguliwa, ili asilazimike kupanda vile vya mbali.

Kijiji kizima, si mtu mmoja

Mkulima mmoja akisafisha shamba lake na jirani akaacha, nzi watarudisha ugonjwa. Jambo hilo lilijaribiwa Tanzania, katika wilaya za Chato na Mkinga, miaka ya 2010. Wanakijiji walikubaliana kung'oa muhogo wao wa zamani na kupanda vijiti safi kwa wakati mmoja. Mashamba yao yalibaki na ugonjwa kidogo na mavuno mazuri kuliko yale yaliyopandwa vijiti vya kawaida. Kazi ngumu haikuwa kung'oa, ilikuwa kukubaliana.

Kwa Kasongo na Kabambare, wakati wa mazungumzo hayo ni kiangazi, kabla ya mvua za mwezi wa tisa, vijiti vinapoanza kutafutwa. Machefu wa vijiji, vyama vya wakulima na agronomu wa sekta wanaweza kukaa pamoja mapema na kukubaliana mambo mawili: vijiti vya msimu vitatoka mashamba gani, na nani atapasua mizizi mbele ya watu kabla kijiti cha kwanza hakijagawiwa. Anayeona muhogo wenye uozo wa kahawia asiufiche kwa haya. Akiutangaza mapema kwa agronomu, jirani zake watajua mahali pasipofaa kuchukua vijiti.