Ekari Moja Iliyokatwa Vipande 500 (Sayansi ya Shamba, Sehemu ya Nne)

Nane Nane imeingia, na kama ilivyo kila mwaka magazeti yamejaa picha za vipando. Mgeni rasmi kavaa kofia ya pama, kashika hindi la kujaza mikono miwili, na chini ya picha tunaambiwa kwamba mbegu ile inatoa magunia 35 kwa ekari. Magunia hayo yamepimwaje? Mwandishi hakuuliza, na mwenye mbegu hakuona haja ya kueleza. Kipando chenyewe ni hatua kumi kwa sita, kimemwagiliwa kila jioni, kimepewa mbolea bila ubahili, na hakina jirani wa kulinganishwa naye. Sina ugomvi na kipando. Kazi yake ni kuvutia macho, na huifanya vizuri. Ugomvi wangu unaanza pale tarakimu inapotoka kwenye kipando na kwenda kuingia katika bajeti ya mkulima wa Mbozi au Songea.

Katika sehemu tatu zilizotangulia tumekwisha kueleza kwa nini mbegu zinazoshindanishwa hupangwa shambani kwa kura, marudio ni nini, na kosa la jaribio hukokotolewaje. Sitarudia. Leo tumefika kwenye swali linalomkabili kila mtu anayesimama shambani na kamba na vigingi mkononi: ploti iwe kubwa kiasi gani, na ziwe ngapi?

Mwaka 1910, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted kilichoko Harpenden, kaskazini mwa London, W. B. Mercer na mkurugenzi wake A. D. Hall walifanya jambo ambalo jirani yeyote angeliona ni wazimu. Walichagua ekari moja ya ngano, mahali palipoonekana kwa macho kuwa sawasawa, wakaikata vipande 500, kila kimoja kama mita 8 za mraba. Hapakuwa na mbegu mbili za kulinganisha wala mbolea mbili. Ngano ilikuwa moja, na matunzo yalikuwa yale yale. Kila kipande kilivunwa peke yake, kikapurwa peke yake, kikapimwa peke yake. Mara 500! Matokeo yalichapishwa mwaka 1911, nami sijachoka kuyasoma. Kipande kilichotoa kidogo kuliko vyote kilitoa ratili 2.73 za nafaka, na kilichotoa nyingi kuliko vyote kilitoa ratili 5.16. Karibu mara mbili, ndani ya ekari moja, kwa mbegu ile ile. Laiti kipande cha kwanza kingebandikwa kibao cha mbegu ya kienyeji na cha pili kibao cha mbegu ya kisasa, hotuba ingekuwa imekwisha andikwa.

Kisha wakafanya lililo tamu zaidi. Wakiwa na daftari lao waliviunganisha vipande hivyo, viwili viwili, vinne vinne, hadi hamsini hamsini, wakitazama jinsi kosa linavyoshuka kadiri ploti inavyokua. Kwa kipande kimoja kosa lilikuwa asilimia 11.6 ya wastani. Kama kila kipande kingekuwa na bahati yake mwenyewe, isiyohusiana na ya jirani yake, ploti ya vipande 50 ingekuwa na kosa la asilimia 1.6 tu. Haikuwa hivyo. Kosa lilishuka haraka mwanzoni, likapunguza mwendo, likagoma karibu na asilimia 5. Sababu yake ni kwamba ardhi iliyo jirani hufanana. Ukiuliza watu kumi wa nyumba moja jana walikula nini, umepata jibu moja mara kumi. Ukitaka kuujua mtaa, piga hodi kwenye nyumba kumi. Ushauri wao wa mwisho ulikuwa ploti ya sehemu moja ya arobaini ya ekari, yaani kama mita 100 za mraba, irudiwe mara tano katika sehemu mbalimbali za shamba.

Mwishoni mwa makala yao kuna nyongeza iliyosainiwa Student. Huyo ni William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, ambacho hakikuruhusu watu wake kuchapisha maandishi kwa majina yao halisi. Kiwanda cha bia kilihitaji shayiri, shayiri ilihitaji majaribio, na majaribio yalikuwa na ploti chache mno kwa hesabu za wakati ule. Katika nyongeza hiyo Gosset alionesha faida ya kulinganisha ploti zilizo ubavuni mwa nyingine: ule ufanano wa majirani, ambao ni adui wa ploti kubwa, ni rafiki wa ulinganisho wa karibu. Msomaji aliyefuatana nasi ataona kwamba hapa ndipo bloku, yaani makundi ya ploti jirani zinazolinganishwa pamoja, zilipopata mizizi, miaka minane kabla ya mwanatakwimu Ronald Fisher kufika Rothamsted mwaka 1919.

Aliyeliweka jambo hili katika kanuni moja ni H. Fairfield Smith, aliyefanya kazi yake Canberra, Australia, na kuichapisha mwaka 1938. Yeye pia alivuna shamba la ngano isiyo na jaribio lolote, kwa vipande zaidi ya 1,000, vidogo hata kuliko vya Rothamsted, kisha akakusanya na daftari za wenzake wa mazao mengine. Akagundua kwamba kushuka kwa kosa hufuata namba moja ya kila shamba, aliyoiita b. Ikikaribia 1, majirani hawajuani, na kuongeza ukubwa wa ploti kunalipa. Ikikaribia 0, majirani ni mapacha, na ploti kubwa ni kupoteza ardhi. Mashamba mengi huangukia katikati.

Tuseme b ni nusu, na ploti ya mita 20 za mraba ina kosa la asilimia 12, si mbali na ile ngano ya 1910. Una mita 80 za mraba kwa kila mbegu. Ukizifanya ploti moja, kosa linashuka hadi asilimia 8.5. Ukizifanya ploti nne za mita 20 na kuzitawanya, kosa la wastani wake ni asilimia 6. Ardhi ni ile ile, mbegu ni kiasi kile kile, na jasho limezidi kidogo tu. Juu ya hayo, ile ploti moja haiwezi kukuambia kosa lake lenyewe ni kiasi gani; zile nne zinakuambia.

Mbona basi tusizikate ndogo zaidi na zaidi? Kwa sababu kila ploti ina gharama zisizojali ukubwa wake: vigingi, kibao, mfuko wa kuvunia, mtu wa kupima na wa kuandika. Smith aliliona hilo pia. Ili kupata ukubwa bora wa ploti, zidisha b kwa gharama ya ploti, gawanya kwa gharama ya mita moja ya mraba iliyozidishwa kwa kile kilichobaki ukitoa b kwenye 1. Kama kila ploti inakugharimu shilingi 8,000 hata kabla ya kupanda na kila mita ya mraba shilingi 400, basi kwa b ya nusu ploti bora ni mita 20. Kwa b ya 0.7 ni karibu mita 47, na kwa b ya 0.3 ni chini ya mita 9. Angalia tofauti hiyo, halafu ujiulize ni vituo vingapi vya utafiti vinavyoijua b ya shamba lao.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo ulipo ugonjwa wangu wa miaka mingi. Shamba linalotarajiwa kufanyiwa majaribio lingepandwa kwanza msimu mmoja zao moja, mbegu moja, bila jaribio lolote, kisha likavunwa kipande kwa kipande, na daftari likatunzwa. Mimi huliita jaribio tupu. Daftari hilo lingeonesha lilipokuwa zizi la ng'ombe la zamani, kilipokuwa kichuguu kilichosawazishwa na tingatinga, na ilipochomwa tanuri ya mkaa. Mahindi yanajua mahali hapo pote hata kama ramani haijui. Najua jibu la wakubwa: hakuna fedha za msimu usio na matokeo. Fedha za kurudia jaribio lililoharibika huwa zinapatikana.

Na ardhi yetu hailegei kama ile ya Harpenden. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa Amani kwenye milima ya Usambara, alizunguka Tanganyika kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 akitazama jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Mpangilio huo wa kurudiarudia, kilima baada ya kilima, aliupa jina la katena, na leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanausoma. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo huo kabla ya Milne: luseni ya mchanga juu, itogolo ngumu inayogomea jembe chini yake, na mbuga nyeusi bondeni. Kwenye mteremko wa namna hiyo, safari ya hatua mia moja tu inakuhamisha kutoka udongo mmoja hadi mwingine. Bloku basi ilazwe kukingama mteremko, na ndani yake ploti ziwe ndefu kuelekea bondeni, ili kila mbegu ionje juu na chini. Nimeona jaribio ambalo bloku zilishuka na mteremko kwa sababu barabara ya gari la wageni ilipita huko. Mbegu iliyobahatika kupangwa bondeni ilishinda, bila shaka.

Sasa pembezoni. Ploti ya kawaida ya mahindi ni mistari minne ya mita 5, nafasi sentimeta 75 kwa 30. Mistari miwili ya nje huachwa, kwa sababu inapokea jua na mbolea ya njia, au inanyanyaswa na mbegu ndefu ya jirani. Kinachopimwa ni mistari miwili ya ndani, mita 7.5 za mraba. Hekta moja ina vipande hivyo 1,333. Kwa hiyo hindi moja lenye punje za gramu 150, likiokotwa kwenye mstari wa nje na kutumbukizwa mfukoni kwa nia njema kabisa na kijana wa kuvuna, linageuka kilo 200 kwa hekta katika ripoti, yaani magunia mawili. Hindi moja!

India walilipigania jambo hili hadharani. P. V. Sukhatme aliandika katika jarida la Nature mwaka 1946 akionesha kwamba vipande vidogo mno vya kukadiria mavuno ya vijiji huzidisha kiasi, kwa sababu mvunaji akisitasita kwenye mpaka hulivuta shina ndani badala ya kuliacha nje. Alikuwa akiupinga mtindo wa P. C. Mahalanobis, aliyependa vipande vidogo vilivyo vingi, na wote wawili walikuwa mabingwa wa takwimu. Udogo una faida zake kwenye karatasi, lakini mpaka wa ploti unashikwa na binadamu, na binadamu huona huruma kwa shina lililo karibu.

Kuhusu idadi nitakuwa mfupi. Kwa kosa la asilimia 12 kwa ploti na marudio manne, tofauti inayoweza kuaminika ni takribani asilimia 17. Mkulima anayevuna magunia 20 kwa ekari anataka kujua kama mbegu mpya inamwongezea magunia mawili, yaani asilimia 10, na hayo ni ada ya mtoto. Kuiona tofauti hiyo kunahitaji marudio kama 12, na hapo una nafasi ya nusu kwa nusu tu ya kuipata. Ukitaka kuipata mara nne kati ya tano, marudio yanakuwa 23 hivi. Hakuna kituo kinachopenda kusikia hivyo. Njia moja ilijaribiwa Malawi miaka ya 1990 na Sieglinde Snapp na wenzake: jaribio mama lenye marudio kamili, likizungukwa na majaribio watoto kwenye mashamba ya wakulima, kila mkulima akipanda chaguo chache na kuhesabika kama rudio moja.

Tofauti na hao ni waliochagua ploti ya ekari 30,000. Huo ndio ulikuwa ukubwa wa kila shamba katika mpango wa karanga wa Waingereza, mashamba 107, 80 kati yake Tanganyika. Ujumbe wa kuuchunguza mpango huo, ukiongozwa na John Wakefield, ulizunguka kwa wiki tisa mwaka 1946, na matingatinga yakaanza Kongwa bila misimu ya majaribio madogo kwenye udongo ule unaokauka ukawa kama saruji. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, pauni karibu milioni 36 zikiwa zimezama. Sehemu ndogo mno ya fedha hizo ingetosha kuvuna ekari moja ya Kongwa vipande 500.

Nafasi imeniishia, na vipando bado vinangoja. Atakayepita viwanja vya Nane Nane vya Nzuguni au vya John Mwakangale wiki hii na aulize: magunia hayo yamevunwa kwenye mita ngapi za mraba, mistari ya nje ilihesabiwa au iliachwa, marudio yalikuwa mangapi, vijiji vingapi na misimu mingapi, na mbegu ya kulinganishia ilitoa kiasi gani kando yake. Akijibiwa kwa kipeperushi chenye picha ya hindi, avuke aende banda la miche. Wiki ijayo nitaeleza unyevu wa punje, na kwa nini kilo iliyopimwa siku ya kuvuna si kilo iliyopimwa baada ya jua la siku tatu.