Wanabodaboda wa Pwani wataepuka vipi kutu kwenye magurudumu na breki?

PIKIPIKI inayofanya kazi Likoni, Kilifi au Malindi huzeeka kwa kasi kuliko ile inayofanya kazi Nakuru au Nyeri, hata kama zote mbili zilitoka dukani siku moja. Sababu kuu ni chumvi ya bahari, ambayo hupeperushwa na upepo, ikatua juu ya chuma na kuharakisha kutu.

Wahudumu wengi wa bodaboda huichukulia kutu kuwa dosari ya sura tu. Fikra hiyo ni ya hatari. Kutu kwenye bomba la moshi huharibu haiba ya chombo, lakini kutu kwenye gurudumu au breki inaweza kumwangamiza mwendeshaji pamoja na abiria wake.

Ili kupambana na adui huyu, ni muhimu kwanza kuelewa jinsi anavyofanya kazi.

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa ya oksijeni. Kimoja kati ya viwili hivyo kikikosekana, chuma husalia salama. Ndiyo maana msumari uliozamishwa ndani ya oili hukaa miaka na mikaka bila kubadilika rangi.

Chumvi huzidisha madhara kwa njia mbili. Kwanza, chembe zake hufyonza unyevu kutoka hewani, hivyo chuma hubaki kikiwa na majimaji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Pili, maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji ya kawaida, na kutu kimsingi ni tendo la kemia linaloandamana na mkondo mdogo wa umeme juu ya chuma chenyewe.

Isitoshe, kutu haimkingi mwenyeji wake. Alumini ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba unaoizuia isiliwe zaidi. Kutu ya chuma, kinyume na hivyo, ina vitundu vingi na hubanduka, ikaacha chuma kipya kishambuliwe. Vilevile huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na kwa sababu hiyo huinua rangi na kukwamisha vyuma vinavyopaswa kuzunguka kwa urahisi.

Katika magurudumu, rimu nyingi za pikipiki za bei nafuu ni za chuma kilichopakwa kromu. Kromu yenyewe haishiki kutu, lakini tabaka lake ni jembamba mno. Jiwe dogo likilitoboa, maji hupenya na kukila chuma kilicho chini. Doa dogo la rangi ya hudhurungi unaloliona juu huenda likawa limeficha sehemu kubwa zaidi iliyoharibika.

Sehemu ya kutiliwa shaka zaidi ni ile isiyoonekana, yaani upande wa ndani wa rimu, chini ya tairi. Maji hupitia kwenye matundu ya spoki na kutuama humo. Kutu ikishakomaa, huwa na makali yanayokwaruza tyubu. Mhudumu anayeziba pancha kila wiki bila kuona msumari wowote anafaa kumwomba fundi akague rimu hiyo kwa ndani.

Spoki nazo hushikwa na kutu hasa pale zinapoingia kwenye nati zake. Spoki moja ikikatika, uzito wake hubebwa na jirani zake, ambazo nazo huanza kulegea. Njia rahisi ya kuzikagua ni kuliinua gurudumu, kulizungusha polepole na kuigonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza hutoa mlio mkali, ilhali iliyolegea hutoa mlio mzito usio na uhai.

Magurudumu ya alumini hayashiki kutu nyekundu, ila hayajaepuka balaa. Chumvi huyafanyia unga mweupe, na unga huo ukikaa pale tairi lisilo na tyubu linapokutana na rimu, upepo huvuja kidogo kidogo. Aidha, alumini huliwa na vitu vyenye magadi makali, kwa hivyo sabuni kali za kusafishia injini hazifai kwa magurudumu hayo.

Kwa upande wa breki, pikipiki nyingi za bodaboda hutumia breki za dramu. Ndani ya dramu mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, yaani viatu vya breki. Mwendeshaji anapokanyaga pedali, kijiti cha chuma hujipinda na kuvitanua viatu hivyo hadi vikausugua ukuta wa dramu.

Kijiti hicho ndicho shabaha kubwa ya kutu. Kikikosa grisi, hukwama ndani ya tundu lake. Matokeo yake huwa mawili: ama breki hukataa kushika, ama hushika na kukataa kuachia. Breki isiyoachia hupasha dramu joto, hula viatu na kupoteza mafuta. Ukimaliza safari na kuhisi kwamba kitovu cha gurudumu kina joto jingi kupita kiasi, usisubiri kesho.

Waya wa breki ya mbele pia unastahili kuangaliwa. Waya huo husukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma na hufunikwa kwa ala ya plastiki. Ala ikipasuka, maji huingia na nyuzi huanza kukatika moja baada ya nyingine. Waya wa aina hii huweza kukatika ghafla wakati ambapo mwendeshaji anauhitaji zaidi, yaani anapoifinya breki kwa nguvu zake zote. Ukiona hata uzi mmoja umechomoza, badilisha waya mzima.

Wanaotumia breki za diski wasishtuke wakiona utando mwepesi wa rangi ya machungwa juu ya diski baada ya mvua ya usiku. Utando huo hufutika baada ya kufunga breki mara chache. Hatari ipo pale diski inapokuwa na vishimo au mifereji, au inapopungua unene. Diski nyingi huwa zimepigwa chapa inayoonyesha unene wa chini kabisa unaoruhusiwa.

Breki za diski zina adui mwingine wa ndani. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri muda unavyosonga. Mafuta ya kiwango cha DOT 4, kwa mfano, yanapaswa kustahimili joto la angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka yakiwa mapya, lakini kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155 yakishaingiwa na maji. Maji hayo pia huzusha kutu ndani ya mitambo ya breki. Inashauriwa mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Je, mhudumu afanye nini? Kinga ni bora kuliko tiba. Anayefanya kazi karibu na bahari aoshe pikipiki kwa maji yasiyo na chumvi angalau mara moja kwa wiki, na siku hiyo hiyo iwapo amepita kwenye maji ya bahari au mchanga wa ufuo. Mtindo wa kuoshea pikipiki baharini ni sawa na kuinunulia kutu.

Maji ya mashine yenye nguvu yasielekezwe moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, kwani husukuma grisi na kuingia katika beringi. Baada ya kuosha, futa kwa tambara kavu, kisha endesha taratibu ukifunga breki mara kadhaa ili zikauke.

Kutu changa iliyo juu ya kromu huondolewa kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iliyoloweshwa kwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haiachi mikwaruzo. Maji ya ndimu au siki pia huyeyusha kutu, mradi suuza ifanyike vizuri. Hata hivyo, spoki zisilowekwe ndani ya asidi, kwani asidi huweza kuudhoofisha uimara wa chuma chake.

Rimu iliyoshikwa na kutu kwa ndani isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma safi kionekane, ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Mkanda wa mpira unaofunika nati za spoki urejeshwe mahali pake kabla ya tyubu kutiwa. Iwapo chuma kimetoboka au kukonda, rimu hiyo haina dawa ila kubadilishwa.

Kwenye dramu, fundi atoe viatu, asugue kutu kwenye kijiti na kukipaka grisi kidogo inayostahimili joto. Grisi wala oili isiguse viatu, ukuta wa dramu, pedi au diski, maana breki iliyoingiwa na mafuta haishiki. Vumbi la breki lifutwe kwa tambara lenye maji badala ya kupulizwa, kwa sababu lina madhara kwa mapafu.

Baada ya matengenezo yoyote ya breki, pikipiki ijaribiwe kwa mwendo wa polepole mahali pasipo na watu, kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, si ukosefu wa maarifa. Wahudumu wengi si wamiliki wa pikipiki wanazoendesha, bali hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Mwendeshaji husema matengenezo ni jukumu la mwenye chombo, naye mwenye chombo husema aliyekiendesha ndiye aliyekiharibu. Wakati wawili hao wakivutana, kutu haipumziki.

Ni vyema pande hizo mbili zikubaliane mapema ni nani atakayelipia waya, viatu vya breki na spoki, na kutenga fedha kidogo kila wiki kwa kazi hiyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila chombo kinachotumia barabara kiwe katika hali isiyohatarisha maisha ya watu. Abiria anayelipa nauli yake hana njia ya kujua hali ya waya uliofichika ndani ya ala.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Waya wa breki hugharimu pesa kidogo, na kuukagua hakuchukui hata dakika tano kabla ya safari ya kwanza ya asubuhi.