Nyaya Zisizoonekana kwa Macho (Sehemu ya Pili): Je, Alumini Imo Ndani?

Wiki iliyopita tuliotesha nyaya zetu za oksidi ya zinki, tukizitia alumini. Unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na kaboni hutiwa kwenye tanuru, mvuke wake hutua juu ya kibao chenye vitone vya dhahabu, na chini ya kila kitone huchipua waya. Njia hiyo Wagner na Ellis waliieleza mwaka 1964, wao wakiotesha silikoni. Leo twende kwenye hadubini, maana hapo ndipo penye ubishi.



Waya wa unene wa nanomita 50 haupambanuliki kwa hadubini ya kawaida, ambayo kikomo chake ni nanomita 200 hivi. Elektroni zilizosukumwa kwa volti 200,000 zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.0025 tu, ndiyo maana hadubini ya elektroni huupambanua. Ruska na Knoll walianza kutumia elektroni badala ya mwanga katika hadubini huko Berlin mwaka 1931. Nobeli ya Ruska ikaja mwaka 1986, Knoll akiwa ameshafariki.

Nyaya hukwanguliwa, hutikiswa ndani ya ethanoli, kisha tone moja hudondoshwa kwenye kichujio kidogo cha shaba chenye utando wa kaboni. Hadubini huonyesha safu za atomu zilizoachana kwa nanomita 0.26. Picha inapendeza, lakini haithibitishi kwamba alumini tuliyoitia ili umeme upite vizuri imekalia nafasi za zinki. Huenda imeganda nje tu.

Basi hupimwa eksirei zinazotoka pale elektroni zinapogonga sampuli, kwani kila elementi ina nishati zake: alumini kiloelektronivolti 1.49, zinki 8.64. Hapo ndipo wengi hunaswa. Kibao kinachopendwa kuoteshea ni yakuti, nayo yenyewe ni oksidi ya alumini! Kipande chake kikikwanguliwa pamoja na nyaya, mashine itaiona alumini, na mtafiti atashangilia bure. Na aliyetia nyaya zake shaba badala ya alumini, akatumia kichujio cha shaba? Huyo hajapima kitu. Angetumia cha nikeli au dhahabu.

Kwa hiyo, msomaji ukikutana na ripoti ya nyaya hizi, kabla ya kutazama picha uliza kibao kilikuwa cha nini na kichujio cha metali gani. Wiki ijayo tutaona jinsi nyaya hizi zinavyogundua gesi.