Mwanga Unapopotelea Njiani: Taa za Magari Kuukuu katika Barabara ya Garsen

Barabara ya Malindi hadi Garissa hupita Gongoni na Marereni, ikafika Garsen, na baada ya kuachana na njia ya Witu na Lamu huendelea kaskazini kupitia Hola, Bura na Madogo hadi Garissa. Sehemu kubwa ya mwendo huo haina taa za barabarani. Magari yanayopishana hutazamana ana kwa ana bila kizuizi chochote kati yao, na lami yenyewe hukatwa na mapito ya mifugo inayoteremka kunywa maji Mto Tana, mapito ambayo Waorma huyaita malka. Kwa kuwa Garsen iko takriban digrii 2 tu kusini mwa Ikweta, jua huzama kati ya saa 12:00 na saa 12:40 jioni mwaka mzima, na mwanga unaobaki angani baada ya hapo haufikishi nusu saa. Dereva aliyekusudia kufika kabla ya magharibi, akacheleweshwa na pancha moja tu, hujikuta gizani akitegemea taa zilizotoka kiwandani Japani miaka 20 au 25 iliyopita.

Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, lakini gari likishaingia huzeekea humu humu, na ndiyo maana Toyota Corolla za miaka ya 1990, Probox, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na hata Peugeot 504 za kubebea mizigo bado zinafanya kazi. Mwenye gari la namna hiyo akiona taa zimefifia, wazo la kwanza ni kwenda dukani kununua balbu yenye nguvu zaidi. Wazo hilo linaeleweka, ila huanzia mwisho wa kazi, kwa sababu katika gari kuukuu mwanga mwingi haujapungua kwenye balbu: umepotea njiani, katika waya, katika kiakisi, katika lenzi na katika mwelekeo wa taa yenyewe.

Mengi ya magari hayo hutumia balbu ya halojeni ya aina ya H4, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 1971. Ndani ya kioo chake kidogo mna nyuzi mbili za tangisteni, yaani madini yanayostahimili joto kali bila kuyeyuka: uzi wa wati 60 kwa ajili ya mwanga wa mbali ambao madereva huuita fulu, na uzi wa wati 55 kwa ajili ya mwanga wa karibu, yaani dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya kiakisi, ambacho ni ile sahani inayong'aa iliyo nyuma ya balbu. Kikombe hicho ndicho kinachochora ukutani mstari unaotenganisha sehemu yenye mwanga na sehemu ya giza, na kwa kuwa ukingo wake mmoja umeinamishwa kwa digrii 15, mstari huo hulala sawasawa upande wa kulia na kupanda upande wa kushoto, ili dereva wa nchi ya kupita kushoto kama Kenya aone ukingo wa barabara na watembea kwa miguu bila kumpiga macho anayekuja. Nafasi ya uzi ndani ya kiakisi hupimwa kwa sehemu za milimita, na hapo ndipo ilipo siri ya taa nzima.

Tatizo lililo kubwa zaidi, na ambalo huangaliwa mara chache mno, ni umeme. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Betri ikiwa inatoa volti 13.5 injini inapounguruma, na plagi ya balbu ikapokea volti 12.0, theluthi moja ya mwanga imekwisha kupotea kabla haujatoka kwenye gari, ingawa balbu ni nzima na mwenye gari ameilipia yote. Upotevu huo hutokana na safari ndefu ya umeme katika magari ya zamani, ambamo mkondo wote wa taa, unaofika ampea 10 kwa balbu mbili za fulu, hutoka kwenye betri, ukapita katika swichi ya usukani ambayo ncha zake zimeungua kwa miaka mingi, kisha ukarudi mbele kwa waya mwembamba. Ukanda huu una mashaka yake ya ziada. Hewa ya viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni hula shaba na bati, na mafuriko ya Tana, yakiwemo yale ya El Niño ya mwaka 1997 na ya mwaka 2023, huacha magari mengi yakiwa yamepita katika maji yaliyoingia ndani ya plagi. Miezi michache baadaye hutokea ile kutu ya kijani ambayo huonekana tu plagi ikifunguliwa.

Kipimo cha upotevu huo wa umeme ni rahisi, na fundi yeyote wa umeme wa magari mwenye mita anaweza kukifanya kwa dakika 10. Injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwa zimewashwa, hupimwa volti kwenye vichwa vya betri, kisha hupimwa nyuma ya plagi ya kila balbu bila kuichomoa. Tofauti ikizidi nusu volti, pesa za balbu mpya zisubiri. Kwanza hukwanguliwa kutu mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kwa kuwa sehemu hiyo peke yake huweza kurudisha nusu ya kilichopotea, kisha hufungwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na mkondo mdogo ili kuruhusu mkondo mkubwa upite. Waya wa zamani wa taa huachiwa kazi nyepesi ya kuiamsha relei kupitia miguu yake iliyoandikwa 85 na 86, na waya mpya mnene, wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, huleta umeme moja kwa moja kutoka betri hadi mguu wa 30 na kuutoa kwa mguu wa 87 kuelekea kwenye balbu, huku fyuzi ikiwekwa karibu kabisa na betri. Fundi akumbuke kwamba katika Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa hasi na si wa chanya, kwa hiyo anayefuata mchoro wa gari la Ulaya hushangaa kuona fulu na dimu zikiwaka pamoja au zisiwake kabisa.

Balbu za wati 100 kwa 90, zinazopendwa na wenye magari ya mizigo, hazifai bila relei, na hata zikiwa nayo huchosha kiakisi. Zikitiwa kwenye waya wa zamani, plagi huyeyuka. Zile zilizopakwa rangi ya buluu ili zifanane na taa za magari ya kisasa hutoa mwanga mdogo kuliko balbu ya kawaida, kwa sababu rangi hiyo humeza sehemu ya mwanga.

Umeme ukishatengenezwa, huangaliwa njia ya mwanga wenyewe. Lenzi za plastiki hugeuka njano kwa sababu miale ya jua huharibu ngozi ya kinga iliyopakwa kiwandani, na jua la Tana River halina huruma kwa gari linaloshinda nje. Hurudishwa kwa kusuguliwa na msasa wenye maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, 2000 na 3000, hadi ukungu uwe laini mno, ndipo hung'arishwa kwa polishi na kupakwa vanishi inayozuia miale ya jua. Wengi huishia kwenye polishi, wengine hutumia dawa ya meno, na lenzi hupendeza kweli kweli; lakini bila vanishi ngozi ya kinga haipo tena, na baada ya miezi michache unjano hurudi. Lenzi za kioo, kama zile za duara za inchi 7 za Land Cruiser na Land Rover za zamani, hazina ugonjwa huo, ingawa hupigwa na kokoto. Kiakisi ni jambo jingine: utandu wake wa alumini ni mwembamba kiasi kwamba kuufuta kwa kitambaa ni kuumaliza, na ukishafubaa au kumenyuka hakuna balbu itakayosaidia, taa nzima hubadilishwa.

Hapo ndipo linapozuka suala la LED, ambalo kwa sasa limewateka wengi. LED haina uzi. Ina vipande bapa vinavyotoa mwanga kwa pande, vimebandikwa juu ya kipande cha chuma, na vikiwekwa ndani ya kiakisi kilichochongwa kwa ajili ya uzi wa H4, mara nyingi chanzo cha mwanga hakikai pale kiakisi kinapokitarajia. Matokeo yake ni mwanga mwingi karibu na bampa, ambao humfurahisha dereva, na mwingine unaoruka juu ya mstari na kuingia machoni mwa anayekuja. Vifaa vya zenoni vinavyotiwa katika taa ya halojeni vina kosa lile lile. Ujerumani, ambako kanuni za taa ni kali, iliruhusu balbu ya kwanza ya LED ya kubadilishia halojeni mwaka 2020 tu, tena kwa orodha ya magari yaliyojaribiwa aina kwa aina. Taa kamili ya LED yenye lenzi na kiakisi chake, inayoingia pale pale ilipokuwa taa ya duara ya inchi 7, ni kitu tofauti na ni badiliko halali la kitaalamu, mradi imetengenezwa kwa nchi za kupita kushoto. Sharti hilo si dogo, kwa kuwa spea nyingi hupitia Dubai, na Falme za Kiarabu hupita kulia: taa ya soko la huko huinua mwanga wake upande wa kulia, yaani machoni mwa dereva anayekuja kutoka Hola.

Linabaki jambo lisilogharimu kitu, nalo ni kuelekeza taa. Gari husimamishwa mahali tambarare mbele ya ukuta, umbali wa mita 10, na mstari wa dimu hushushwa kwa skrubu hadi uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikiinama kwa asilimia 1 hivyo, hufikisha ukingo wa mwanga wake mita 65 mbele. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kwa sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kushtuka, na breki nzuri zikahitaji mita nyingine 35 kwenye lami kavu, gari limekwenda karibu mita 70. Kwa maneno mengine, hata dimu iliyonyooshwa vizuri haitoshi kwa mwendo huo, na punda mweusi aliyesimama ubavu, ambaye macho yake hayarudishi mwanga kwa kuwa hayaelekei taa, huonekana kwa kuchelewa zaidi.

Hesabu hiyo huvurugika pindi mzigo unapopakiwa. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya Probox ni sentimita 255. Magunia ya maembe ya ngowe yakishusha nyuma kwa sentimita 5 tu, gari zima huinuka mbele kwa asilimia 2, na taa iliyokuwa ikiinama kwa asilimia 1 sasa hutazama juu kwa asilimia 1. Mwanga wake haugusi ardhi tena, na madereva wote wa upande wa pili humwashia fulu mwenye Probox wakidhani amefanya ukaidi. Baadhi ya magari yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi cha kushusha taa, ambacho wamiliki wengi hawajawahi kukigusa. Yasiyokuwa nacho yapimwe ukutani yakiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa kuwa kipimo cha gari tupu hakilifai gari linalotoka Hola na magunia.