Makasi ama Mikono? Vile Utatoa Pindo la Bedikava Bila Kula Hasara

Ushaona bedikava ya viraka imetulia poa katikati, alafu pindo zake zimejikunja ka chapati ya jana? Usilaumu cherehani. Mara nyingi shida ilianza kitambo, pale kitambaa kilikatwa. Na kama wewe ni msee wa Voi unajaribu kujitegemea na ushonaji, faida yako huishia hapo. Viraka utaokota bure chini ya mashini ya fundi yeyote, lakini pindo linataka kitambaa kirefu, na hicho unatoa doh kununua.

Kuna mafundi wa kukata na makasi, na kuna wale hupiga alama ndogo pembeni, wanashika pande mbili, praaa! Ukiona mara ya kwanza unaeza dhani ni uvivu. Zii, wanajua kitu.

Skiza. Kitambaa kimefumwa na nyuzi za aina mbili. Kuna mtande, zile zinaenda urefu, sambamba na ule ukingo mgumu wa kiwandani. Alafu kuna mshindio, zile zinakatiza. Ukirarua, mpasuko unafuata uzi mmoja hadi mwisho. Makasi nayo hufuata macho yako, na macho hudanganya. Ukiyumba kidogo ushakata kimshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika ka raba. Hapo ndio pindo linaanza kutoa mawimbi.

Kwa hivyo ka ni pamba iliyofumwa kawaida, mfano shiti ya mitumba ama kaliko, rarua. Na urarue kwa urefu, ukifuata ukingo, ju mtande hauvutiki sana ka mshindio.

Lakini si kila kitu ni ya kuraruliwa. Tisheti haijafumwa, imeunganishwa vitanzi, so hio ni makasi tu. Jinzi ni nzito, utachoka bure na uvute nyuzi vibaya.

Leso nayo ndio mtego. Leso hutoka dukani zikiwa mbili zimeshikana, na mchoro umechapwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Ukiwa umechapwa upande kidogo, mpasuko utafuata uzi, hautajali mchoro. Utabaki na pindo nene huku, jembamba kule, na yale maneno ya leso yameenda kombo. Kabla ya kurarua, vuta uzi mmoja uone unaelekea wapi. Ukiachana na mchoro, chukua makasi ufuate mchoro.

Sasa twende kazi. Tuseme unataka pindo la inchi 4.

Kwanza, fua kitambaa na ukianike. Pamba hurudi, na afadhali irudi saa hii kuliko ikiwa kwa kitanda cha kastoma.

Pili, pima bedikava ikipitia katikati, usipime kwa kingo. Kingo zishavutwa na kushonwa, zitakudanganya. Kipimo cha katikati ndio urefu wa pindo za kando.

Tatu, hesabu upana: inchi 4, ongeza nusu inchi kila upande ya mshono, inakuwa 5. Ongeza nusu ingine ya kupoteza, ju ukirarua kingo hutoka na nyuzi na hujikunja. Rarua 5 na nusu.

Nne, piga pasi, alafu punguza na makasi hadi 5. Ukiruka hii hatua, kurarua kwako kote ni bure.

Tano, shona zile mbili za kando kwanza. Pima tena upana ukipitia katikati, pamoja na hizo pindo mpya, ndio utoe ya juu na ya chini. Bandika pini katikati na mwisho kabla ya kushona. Usivute pindo ndio lifike, likivutwa litalipiza.

Unajiuliza mbona viwandani hawararui? Chukua SOKO Kenya, iliyoanzishwa 2009 na ikajijengea jina pale Rukinga, upande wa Maungu, ikishonea ASOS ya Uingereza. Kiwandani vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, vinakatwa pamoja kwa umbo la nguo. Mkono hauwezi rarua mkono wa shati. Lakini ukikata hivyo, vipande vinabaki, na mradi wa Kujuwa ulichukua vipande vya kiwanda hicho ukavigeuza pedi za kufua za wasichana.

Kwa hivyo ukimaliza kurarua, usitupe zile mbavu zimebaki. Ziweke kwa mfuko. Pindo la leo likishatoka fiti, hizo ndio viraka vya bedikava ya kesho, na hizo hutalipia hata bob.